Kombe la Marashi: Maneno Juu ya Kunakili Vyombo vya Kale

Neno kombe, katika Kiswahili cha wazee wetu, maana yake ni sahani kubwa, pana, ya kupakulia chakula cha watu wengi. Pwani neno hilo lina matumizi mengine pia, nayo ni yale maandishi ya zafarani yaandikwayo ndani ya sahani, yakaoshwa kwa maji, na mgonjwa akapewa maji yale anywe. Lakini kijana wa leo akiulizwa kombe ni nini, atajibu mara moja kwamba ni tuzo ya mshindi wa mchezo, na machoni pake ataona chombo kirefu chenye masikio mawili. Ndivyo maneno yaendavyo: chombo cha chakula kimepanda daraja, kikawa alama ya ushindi. Huko Uingereza kiko chombo kimoja ambamo maana hizi mbili zimekutana, ile ya sahani na ile ya tuzo, nacho ndicho nitakachokiangalia katika karatasi hii. Nakiangalia kwa sababu chatuuliza swali lituhusulo sana sisi tufundishao kazi za mikono: mtu aigapo kazi ya watu wa kale, huiga nini hasa, na faida yake ni nini?

Chombo hicho ni sahani ya fedha, sehemu zake zimepakwa dhahabu, na upana wake ni karibu sentimeta 48. Kila mwaka huinuliwa na mwanamke aliyeshinda katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon, mjini London. Wanawake walianza kushindana huko mwaka 1884. Sahani hii ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1886, na aliyeipokea ni Bi Blanche Bingley. Mshindi haendi nayo nyumbani. Yeye hupewa nakala iliyo ndogo kuliko yenyewe, na sahani hukaa katika makumbusho ya klabu. Waingereza huiita Sahani ya Venus ya Maji ya Waridi. Jina hilo tulishike, maana tutalirudia.

Wengi hudhani kwamba sahani hii ilifanywa kwa ajili ya mchezo. Sivyo. Ilifanywa mwaka 1864 katika kiwanda cha Elkington, mjini Birmingham, miaka 22 kabla ya kutolewa tuzo. Wala hao wa Birmingham hawakuibuni. Asili yake ni sahani ya bati iliyofanywa na François Briot, mzaliwa wa nchi ya Lorraine, yapata miaka ya 1585 hata 1590. Briot alikuwa fundi wa kuchora mihuri ya kupigia sarafu, naye alifanya kazi hiyo katika mji wa Montbéliard. Kwa ustadi ule ule alichora kalibu za kumiminia bati, na katika kalibu hizo zikatoka sahani zenye nakshi nyembamba ajabu, kama nakshi za sarafu. Moja ya sahani hizo imo katika makumbusho ya Louvre, mjini Paris.

Baada yake akaja Caspar Enderlein, mzaliwa wa Basel, aliyefanya kazi yake Nuremberg hata alipokufa mwaka 1633. Huyu aliiona sahani ya Briot, akaipenda, akachora kalibu zake mwenyewe kwa kufuata mfano ule. Yako maelezo yaenezwayo sana yasemayo kwamba sahani ya Wimbledon ilifuata nakala ya umeme iliyofanywa na Enderlein. Maneno hayo hayawezi kuwa sawa jinsi yalivyo. Ufundi wa kunakili kwa umeme ulitangazwa na Moritz von Jacobi huko St Petersburg mwaka 1838, na hapo Enderlein alikuwa amekwisha lala kaburini miaka zaidi ya 200. Maana iliyo ya akili ni kwamba nakala ya umeme ilitolewa katika kazi yenye mkono wa Enderlein, na Elkington wakaifuata hiyo. Nalitaja kosa hili dogo kwa kuwa laonyesha jinsi mikono mitatu ilivyochanganyika katika chombo kimoja: aliyebuni, aliyejifunza kwake, na mtambo ulionakili.

Sasa tuitazame sahani yenyewe. Katikati pana kitovu kilichoinuka, na juu ya kitovu hicho ameketi mwanamke mwenye jagi mkononi. Mwanamke huyu si Venus. Ni Kiasi, kwa Kilatini Temperantia, ile tabia njema ya kujizuia ambayo watu wa kale wa Ulaya waliihesabu kuwa mojawapo ya nguzo nne za mwenendo mwema. Katika michoro yao walizoea kumchora mwanamke aliyeshika chombo cha kumiminia, kwa kuwa mwenye kiasi hutia maji katika divai yake. Kumzunguka ziko picha nne za asili za vitu vyote kama walivyozihesabu wahenga wa Kiyunani: nchi, maji, hewa na moto. Na kwenye ukingo wa sahani ziko picha nane. Moja ni ya Minerva, mungu mke wa Warumi aliyesimamia hekima, na saba ni za elimu saba zilizofundishwa katika vyuo vya Ulaya zamani: sarufi, mantiki, ufasaha wa kunena, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Kila elimu ni mwanamke aliyeketi na vyombo vya kazi yake.

Mwalimu aitazamapo sahani hii hawezi kuacha kufurahi, maana mpango wake ni kama mpango wa somo lililotungwa vema. Waanza katikati, kwenye nafsi ya mtu na kujitawala kwake. Watoka nje kidogo, waukuta ulimwengu wa vitu. Wafika ukingoni, waona elimu ambazo kwazo mtu huujua ulimwengu huo. Asiyejitawala hataujua ulimwengu, wala elimu haitamfaa: hayo ndiyo yanenwayo na bati lile bila kutumia neno. Na mahali pa kuyanena palichaguliwa kwa akili. Zamani Wazungu walikula kwa mikono kama tulavyo sisi, maana uma ulikuwa haujaenea. Kabla ya chakula na baada yake mtumishi alipita kwa wageni, akawamiminia mikononi maji yaliyotiwa marashi ya waridi, na sahani kama hii ikapokea maji yale chini. Mgeni akainama, akaona mikononi maji, na chini ya maji akamwona Kiasi amemkabili. Ni onyo la upole kwa mtu aingiaye karamuni.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana desturi hii. Anajua birika na bakuli la kunawishia wageni, tena anaujua mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu nyembamba, mara nyingi cha fedha, ambacho kwacho wageni hunyunyiziwa marashi katika arusi na maulidi. Majina yenyewe yana historia. Mrashi latokana na neno la Kiarabu la kunyunyiza. Birika ni ibriki ya Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ni kumwaga maji. Sinia nalo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kitu cha Uchina. Basi mtu asidhani kwamba kuiga vyombo vya wageni ni jambo la jana. Kabati la vyombo la nyumba yoyote ya mji wa kale ni kitabu cha safari.

Nikiisha kuisifu sahani, sina budi kutaja aibu zake, nazo ni tatu.

Aibu ya kwanza ni jina. Chombo kimeandikwa Kiasi, watu wamekiita Venus, na Venus ni mungu mke wa mapenzi na uzuri wa mwili. Ni kama mtu ambaye ameweka mlangoni pake maneno ya kuwasihi wapitao wanyamaze, na majirani wakaiita nyumba yake Nyumba ya Ngoma. Mtu atasema, jina ni jina tu. Lakini jina ndilo limwambialo mtazamaji atafute nini. Aambiwaye kwamba atamwona Venus hutazama mwanamke wa katikati, akaona uzuri wa umbo, akaridhika, akaenda zake. Jagi halimwulizi kitu. Maelfu ya maelfu wameiona sahani hii ikiinuliwa juu, na wachache mno wamejua kwamba aliyeinuliwa ni Kiasi. Tena ni hasara, maana katika michezo ndipo tabia hiyo ihitajiwapo sana, kwa ashindaye na kwa ashindwaye.

Aibu ya pili ni upweke wake. Kitovu kile kilichoinuka hakikuwekwa kwa ajili ya picha tu. Ni kikalio cha birika. Sahani ya namna hii na birika lake ni kama kinu na mchi. Na Briot alifanya birika la kufuatana na sahani yake. Birika likisimama mahali pake, Kiasi hufunikwa; likiinuliwa kuwanawisha wageni, Kiasi huonekana. Ndiyo kusema kwamba picha ile ilikuwa na wakati wake wa kufichwa na wakati wake wa kufunuliwa, na wakati wa kufunuliwa ni ule ule wa kunawa. Waliochukua sahani peke yake wameichukua nusu ya neno. Hata hivyo haki itendeke: wajuzi wengi husema kwamba hata zile za bati za Briot zilikuwa za kuwekwa juu ya kabati zitazamwe, zaidi ya kutumiwa. Nami nawaamini, maana nakshi za kutokeza hushika uchafu, na bati ni laini. Basi chombo kilikuwa kimeanza kuiacha kazi yake tangu siku za fundi wa kwanza. Elkington hawakuanzisha uvivu huo, waliukamilisha.

Aibu ya tatu ni kujaa. Pasipo na mtu pana jani, pasipo na jani pana utepe, pasipo na utepe pana ua, wala jicho halina mahali pa kupumzika. Katika bati lisilong'aa sana wingi huo huvumilika, kwa kuwa rangi yake ya kijivu hupoza. Katika fedha iliyopakwa dhahabu kila kitu hupiga kelele kwa pamoja. Kwa mbali huonekana mmeto tu.

Hapo tumefika kwenye kiini cha maneno yangu. Tafakari, ndugu msomaji, jinsi kazi ilivyogeuka. Bati lilikuwa fedha ya asiyekuwa na fedha. Huyeyuka upesi, kwa joto la nyuzi 232 tu, na fedha huhitaji nyuzi 962. Kwa hiyo bati ni rahisi kumimina tena na tena katika kalibu moja, na mafundi walilitumia kuiga vyombo vya masonara wa wafalme. Kumbe baada ya miaka karibu 280 masonara wa Birmingham, wenye fedha tele, wakaliiga bati! Tajiri amekwenda kuazima nguo kwa maskini. Wako wachekao jambo hili na kuliita upotovu. Mimi nalipenda, maana lathibitisha kwamba thamani haikuwa katika madini. Ilikuwa katika mkono wa mchoraji. Vyombo vingi vya fedha vya zama zile viliyeyushwa vikawa sarafu wenyewe walipohitaji fedha ya vita au ya madeni. Bati halikutamaniwa hivyo, na kwa unyonge wake likatuhifadhia kazi ambayo fedha haikuweza kuihifadhi.

Lakini kuiga kuna namna zake. Namna ya kwanza ni ya Enderlein. Yeye aliketi na kazi ya Briot mbele yake, akaichora upya, mstari kwa mstari, kwa mkono wake. Nyuma ya sahani Briot alikuwa ameweka sura yake mwenyewe na jina lake. Enderlein naye, katika kalibu zake, akaweka sura yake na jina lake. Wengine wataliita jambo hili wizi. Kwa desturi za leo za haki ya mbunifu pengine ni wizi kweli. Lakini tazama lililotokea ndani ya mtu: hakuna mstari wa Briot ambao Enderlein hakulazimika kuufahamu kabla ya kuuchora. Alikuwa mwanafunzi, na alipokwisha alikuwa fundi. Sura yake nyuma ya sahani, hata ikiwa ni ya majivuno, yasema: kazi hii imepita mikononi mwangu, na makosa yaliyomo ni yangu.

Namna ya pili ni ya umeme. Mfano huchukuliwa kwa kitu laini, ukapakwa unga upitishao umeme, ukatiwa katika maji yenye dawa ya shaba, na nguvu ya umeme ikavuta shaba chembe kwa chembe hata ikajaza kila mkunjo. Kina Elkington walikwisha pata hati ya serikali mwaka 1840 kwa ufundi wa kupaka fedha na dhahabu kwa umeme, na baadaye wakanakili vyombo vingi kwa ajili ya makumbusho ya South Kensington, ambayo tangu 1899 huitwa Victoria and Albert. Nia ilikuwa njema kabisa: kijana wa mji wa viwanda, asiyeweza kwenda Paris wala Nuremberg, avione vyombo vizuri karibu na kwao. Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, wana wa wafalme wa Ulaya walitia sahihi mapatano ya kusaidiana kunakili kazi za namna hiyo. Nakala ya umeme haikosei; hutoa hata mkwaruzo uliokuwako. Lakini haijifunzi. Sahani elfu zaweza kutoka kwa njia hiyo bila mtu mmoja kuuliza mwanamke wa katikati ni nani. Wala si ajabu kwamba zama zile zile zilizopata kunakili bila kosa ndizo zilizolisahau jina.

Namna ya tatu ni mbaya kuliko hizo mbili, nayo ni kuchukua umbo na kulitia katika kazi isiyolihusu. Mfano wake uko katika chombo kingine mashuhuri. Mwaka 1771 hivi, katika magofu ya jumba la Kaisari Hadrian karibu na Roma, kulipatikana vipande vya chombo kikubwa cha marmar. Kilitengenezwa, kikanunuliwa na bwana wa Warwick, na leo kimo katika makumbusho ya Burrell, mjini Glasgow. Piranesi alikichora, michoro ikaenea, na tangu mwaka 1812 sonara Paul Storr wa London akafanya kwa fedha vyombo vidogo vya umbo lile lile, vya kutilia barafu na chupa ya divai. Ufundi wa Storr haushindiki. Lakini jiwe lililozidi kimo cha meta moja na nusu, lililokusudiwa kusimama uani, limefanywa kuwa ndoo ya mezani. Masikio yake yaliyokuwa matawi mazito ya mzabibu yamekuwa kamba za fedha. Ukubwa ulikuwa nusu ya maana yake, nao umeachwa Roma. Wahenga wetu walisema, Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Chombo cha mezani lazima kijaribiwe kwa maji: kimimine, kibebe, kioshwe, ndipo tukisifu.

Dele la kahawa la Waarabu, lenye mdomo kama wa ndege, linalipita jaribio hilo. Hakuna aliyelifufua, maana halikufa. Umbo lake ni la kale, na bado huuzwa na kutumiwa, kwa kuwa mdomo ule humimina kidogo kidogo katika vikombe vidogo, na tumbo pana huacha masimbi yatulie. Mtu alifuataye umbo hilo hafuati kumbukumbu; anafuata kahawa. Hiyo ndiyo tofauti ya desturi iliyo hai na desturi iliyovikwa nguo za sanda.

Najua baadhi ya walimu wenzangu wamechoshwa na neno kuiga. Husema kwamba mtoto akipewa mfano wa kufuata hatabuni kitu maisha yake yote, na ya kwamba afadhali aachwe achore atakalo. Wengine husimama upande wa pili: huwapa wanafunzi picha za vyombo vya Ulaya zilizokatwa katika vitabu vya maduka, wakawapa alama kwa kadiri walivyozikaribia. Makundi haya mawili yameacha kitu kimoja. La kwanza limesahau kwamba hata Briot hakubuni Kiasi, wala Minerva, wala elimu saba. Aliyapokea yote, akayapanga. La pili limemfanya mtoto kuwa mtambo wa umeme, tena mtambo dhaifu, maana umeme utamshinda sikuzote kwa kukosa makosa.

Ningependa tufuate njia ya katikati, nayo ina maswali matatu ya kumwuliza mwanafunzi kabla hajashika patasi wala nyundo. Chombo hiki kilifanya kazi gani, na nani alikishika? Picha hii ni ya nani, na kwa nini iko hapa wala si pale? Madini haya au mti huu unakubali nini ambacho ule wa kwanza haukukubali? Akiisha kujibu, na afuate mfano kwa mkono wake, mstari kwa mstari, bila haraka. Kisha apewe amri moja ngumu: abadili jambo moja, aeleze sababu, na nyuma ya kazi atie jina lake.

Nafahamu kwamba kazi hiyo itatoa vyombo vichache kwa mwaka, na mkaguzi apendaye meza iliyojaa hatafurahi. Lakini mtoto aliyepita njia hiyo ataweza kuonyeshwa sahani ile ya Wimbledon, akaambiwa kwamba huyu ni Venus, naye akajibu kwa adabu, Samahani, bwana, mbona ameshika jagi?